Uzito Ulioandikwa Ubavuni: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata kuhusu Matairi na Mizigo



Asubuhi ya Jumamosi, katika maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo kuanzia Tegeta hadi Bunju, tukio moja hujirudia. Mkazi aliyedunduliza fedha kwa miezi kadhaa hufika kununua saruji ya kumalizia chumba. Kiwanda cha Wazo hakiko mbali, bei anaifahamu, kilichobaki ni usafiri. Anaita Kirikuu. Dereva anataja nauli, mkazi anapunguza, wanakubaliana. Kisha mkazi anatamka maneno ambayo ndiyo sababu ya mazungumzo haya: "Pakia yote, twende safari moja." Mifuko 20 inapangwa. Springi za nyuma zinalala, pua ya gari inainuka, na ubavu wa tairi unatokeza nje kama shavu la mtu aliyejaza maji mdomoni. Juu ya mifuko anakwea kijana wa kushusha, naye hana cha kushika isipokuwa kamba.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 20 ni kilo 1,000, yaani tani moja kamili. Kirikuu nyingi zinazozunguka Dar es Salaam zinatoka katika kundi la magari madogo ya Japani ambalo nchi hiyo imeliwekea mipaka: injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na mzigo usiozidi kilo 350. Kilo 350 ni mifuko 7 ya saruji. Kwa wanaonunua maji, ni madumu 17 ya lita 20, kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 linaloonekana kila siku mgongoni mwa Kirikuu katika mitaa ya Chamazi na Mabwepande, likijaa, ni karibu mara tatu ya mzigo ambao gari hilo liliundwa kuubeba.

Jibu la kawaida ni kwamba magari hayo yamebeba hivyo miaka yote, na mizigo inafika. Ni kweli, aghalabu inafika. Lakini kufika kwa jana hakumhakikishii mtu kufika leo, kwa sababu tairi huhifadhi madhara ya kila safari. Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kujua ni kitu gani hasa kinachobeba gari.

Wengi hudhani ni mpira. Mpira na nyuzi zilizofumwa ndani yake ni mfuko tu. Anayebeba ni upepo uliofungiwa humo. Tairi lisilo na upepo haliwezi kubeba hata gari tupu, kama ajuavyo kila aliyewahi kupata pancha njiani. Mzigo unapozidi, au upepo unapopungua, ubavu wa tairi hukunjika kila unapofika chini na kunyooka kila unapopanda juu. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, tairi dogo la Kirikuu huzunguka zaidi ya mara saba kwa sekunde moja, na kila mzunguko ni mkunjo mmoja. Atakayekunja waya mara nyingi mahali pamoja ataona kwanza unapata moto, kisha unakatika. Ndivyo inavyotokea ndani ya tairi: joto hupanda, mpira huanza kuachana na nyuzi, na uachano huo hauonekani kwa nje. Siku tairi linapopasuka, mtu hulaumu shimo au jua la mchana, ilhali kazi ya kulipasua ilianza miezi mingi nyuma, kwa safari zilizofika salama.

Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti mwaka 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha nchini Marekani matairi yapatayo milioni 6.5, baada ya ajali nyingi zilizoua watu, hasa katika magari aina ya Ford Explorer. Safu ya juu ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa katika mwendo mkali, na ajali nyingi zilitokea katika majimbo ya joto. Mabishano yaliyofuata kati ya kampuni hizo mbili yalihusu, pamoja na mengine, upepo: ya magari ilikuwa imeshauri psi 26, ya matairi ikasema ingefaa psi 30. Tofauti ya psi 4 ni ndogo kiasi kwamba fundi pancha wa mtaani, anayepima kwa kupiga tairi teke, hawezi kuitambua. Mguu haupimi upepo. Kipima upepo kidogo cha mkononi ni chombo cha bei nafuu, na bodaboda, bajaji au gari lolote la biashara lisilo nacho linaendeshwa kwa kubahatisha.

Sasa, tairi halikuachwa bubu. Ubavuni mwake limeandikwa uzito linaoweza kubeba, ila limeandikwa kwa fumbo. Tairi la kawaida la Noah, kwa mfano, huwa na maandishi 195/65R15 91H. Namba 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo kwa asilimia. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Watu wengi, hata mafundi, huishia hapo. Namba inayofuata, 91, ndiyo ya uzito. Haimaanishi kilo 91. Ni namba ya jedwali linalotumiwa na watengenezaji duniani kote, na katika jedwali hilo 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Herufi H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa, jambo lisilomhusu mtu yeyote anayeishi kati ya Bunju na Mbagala. Namba nyingine zinazofaa kujulikana ni 82, ambayo ni kilo 475 na huonekana kwenye magari madogo kama IST, na 80, ambayo ni kilo 450.

Hiyo ya 80 ndiyo ya Kirikuu. Tairi lake linalofaa huandikwa 145/80R12 80/78N. Matairi mawili ya nyuma, yakiwa mazima na yenye upepo kamili, hubeba kilo 900 kwa pamoja. Gari lenyewe likiwa tupu lina kilo zinazokaribia 700, na sehemu ya uzito huo tayari imekaa juu ya matairi hayo. Bodi liko nyuma, hivyo sehemu kubwa ya mzigo huangukia huko huko. Kwa hesabu hiyo, tani moja ya saruji inapopakiwa, matairi ya nyuma yamepita kiwango chake kabla gari halijaondoka mbele ya duka. Wako madereva wanaoamini kwamba dawa ni kuongeza upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Upepo mwingi kupita kiasi hauongezi kilo hata moja juu ya zile zilizoandikwa. Huufanya mpira ukakamae, na shimo moja la Salasala linatosha kuupasua.

Upo mtego mwingine unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa unawagusa abiria. Haisi zinazofanya safari za pembezoni, ambako mabasi makubwa hayafiki, nyingi hutumia tairi la 195R15 lenye herufi LT na maandishi 8PR. Hilo ni tairi la mizigo; lina nyuzi za nguvu zaidi, na moja hubeba zaidi ya kilo 900. Tairi la Noah lililotajwa hapo juu nalo ni 195, nalo ni la rimu ya 15. Linaingia kwenye rimu ya Haisi bila kulazimishwa, na linapatikana kwa bei ndogo, hasa la mtumba. Mmiliki anayebana matumizi hulinunua, fundi hulifunga, na kuanzia hapo gari lililojaa abiria hukalia tairi la kilo 615 mahali palipostahili tairi la zaidi ya kilo 900. Hakuna anayeona tofauti akiwa kituoni. Abiria anayetaka kuhakikisha ana jambo moja tu la kufanya: gari likiwa limesimama, atazame kama baada ya ukubwa wa tairi kuna herufi LT au C, au namba ya uzito inayozidi 100. Konda atamcheka. Acheke.

Kuhusu matairi ya mtumba, yasemwe bila kuficha: si kila mkazi anaweza kununua jipya, na haifai kumhubiria asiye na uwezo. Afadhali ajue cha kukagua. Kwanza ni umri. Tafuta ubavuni maandishi DOT. Mwisho wa mstari huo pana tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Aghalabu tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji akisema hazipo, ligeuzwe. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Tairi lenye miaka kumi, hata likiwa na kashata zote, halifai gari la kubeba watu wala mzigo. Pili ni kashata zenyewe. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6; kashata ikilingana na kituta, tairi limekwisha. Katika matairi mengi ya Japani kuna alama ndogo ya pembetatu ubavuni inayoonyesha kituta kilipo. Tairi kipara lililochongwa upya kwa kisu cha moto halikurudishiwa chochote. Limepunguzwa mpira uliokuwa umebaki juu ya nyuzi.

Tatu, na hili huwapata hata wenye magari yaliyotoka bandarini juzi, ni matairi ya theluji. Baadhi ya magari ya Japani huja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS. Yana kashata nzuri zenye mikato mingi myembamba, na mgeni huyaona kama mapya. Mpira wake ulichanganywa uwe laini kwenye baridi ya barafu. Katika lami ya Dar es Salaam mwezi Februari hulegea na kulika upesi, na breki hazishiki inavyotakiwa. Yafaa kubadilishwa mapema, si kusubiri yaishe.

Kiasi cha upepo kinachofaa hakipo kwenye tairi. Kipo kwenye stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maelezo yake huwa ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Zikiwa na alama kPa, gawanya kwa saba upate psi kwa kukadiria: 240 ni kama psi 35, na 350 ni kama psi 50. Namba kubwa ya upepo inayosomeka ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, si agizo kwa gari. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa halijatembea, kwa sababu likipata joto upepo hupanda. Anayepunguza upepo mchana kwa kuona umezidi, jioni atakuwa na tairi lililolegea. Na tairi la akiba nalo lipimwe. Magari mangapi yamekwama usiku kwenye bonde la Mto Mzinga, kati ya Mbagala na Kongowe, yakiwa na spea iliyolala kuliko tairi lenyewe lililopata pancha?

Gari lenye mzigo haliendeshwi kama gari tupu, na hapa sheria na maumbile vinakubaliana. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Katika mwendo huo gari hukata mita zipatazo 14 kila sekunde, na dereva anahitaji karibu sekunde moja tangu kuona mtoto akikatiza hadi mguu wake kufika kwenye breki. Mita hizo 14 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne. Mzigo uliozidi huurefusha tena, huzichemsha breki, na kuinua matairi ya mbele yanayopokea usukani. Kwenye miteremko ya Wazo na Salasala dereva mwenye mzigo hushuka kwa gia ndogo tangu juu; anayeshuka kwa breki peke yake huweza kuzikosa anapofika barabara kuu.

Wakati wa masika, kazi ya kashata ni kuyapisha maji yatoke chini ya tairi. Pale Basihaya maji yanapotanda juu ya lami, tairi kipara hupanda juu ya maji kama mtumbwi, na usukani hugeuka bila gari kugeuka. Hapo dawa ni kuachia mafuta taratibu na kushika usukani bila kuukata. Ndivyo pia inavyotakiwa tairi likipasuka: mikono miwili kwenye usukani, mguu utoke kwenye mafuta, breki isikanyagwe kwa nguvu, gari liachwe lipungue mwendo lenyewe ndipo litoke barabarani. Kukanyaga breki kwa hofu ndiko hulipindua gari ambalo lingesimama.

Malori yana habari yake. Kwenye ekseli yenye matairi mapacha, la ndani likiisha upepo la nje hulificha na kubeba mzigo wa mawili. Ndiyo maana utingo mzoefu huzunguka gari na kipande cha chuma akigonga kila tairi na kusikiliza mlio. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa haraka kuliko uzito: ekseli iliyozidishiwa tano moja ya mzigo huiumiza barabara karibu mara mbili. Tipa la mchanga mbichi linalopita kwenye barabara ya mtaa usiku kukwepa macho ya watu linakula barabara ambayo TARURA imeijenga kwa fedha ya wakazi wenyewe.

Lakini sheria hiyo ya mizani inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Kirikuu haimo. Hakuna mzani unaoisubiri Tegeta, na trafiki hana namna ya kupima tani moja kwa macho. Kwa gari hili, mzani pekee uliopo ni makubaliano ya watu wawili mbele ya duka, na mmoja wao ndiye mwenye fedha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye saruji huuona mzigo mwepesi kwa kuwa tairi si lake, na kijana aliyekaa juu ya mifuko si mwanawe. Dereva naye hana nguvu ya kukataa, maana nyuma yake pana Kirikuu tatu zinazongoja, na mmoja wa wenzake atakubali.

Kwa hiyo bei ipatanwe kwa mifuko, si kwa safari, na kabla ya mfuko wa kwanza kuinuliwa. Mwenye kuhitaji mifuko 20 ana njia tatu. Alipe safari tatu za Kirikuu; aungane na jirani anayejenga wakodi Canter moja yenye uwezo huo; au anunue mifuko ya wiki hiyo tu, kwa kuwa saruji iliyokaa muda mrefu kwenye chumba chenye unyevu hugandia mfukoni. Njia hii ya tatu haiongezi gharama kubwa kwa anayejenga kidogo kidogo, na ndiye aliye wengi katika kata hizi. Kijana wa kushusha akae ndani, kwenye kiti cha abiria. Kama hakuna nafasi, apewe nauli ya bodaboda atangulie.

Na kabla gari halijaondoka, mwenye mzigo alizunguke mara moja, ainame nyuma, asome namba iliyo mwisho wa maandishi ya tairi. Ikiwa ni 80 na mifuko imezidi saba, ile ya ziada ishushwe hapo hapo.